Jicho la Fundi na Kasha Lililolika

Fundi saa wa Majengo, Moshi, siku hizi anaishi kwa betri na mikanda. Watu huleta saa za ukutani zilizosimama, huleta za mkononi za mitumba, hulipa na kuondoka. Kazi ya namna hiyo haimpimi fundi. Kinachompima ni ile siku mteja anapofungua leso na kumwekea mezani saa ya mfukoni ya babu yake, ya mnyororo, kasha lake la dhahabu limelika hata shaba inachungulia.

"Shikamoo, mzee. Hii ni dhahabu kweli au geresha?"

"Marahaba. Dhahabu ipo, ila si yote."

Si ajabu saa kama hizo kuzuka huku. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaanzisha chama chao mwaka 1925, na mahali penye treni na mizani ya kahawa hapakosi mtu wa kutazama saa. Kasha la dhahabu tupu lilikuwa la matajiri. Wengine walinunua lile ambalo James Boss wa Philadelphia, Marekani, alilipatia hataza mwaka 1859: bamba la shaba ya njano katikati, bamba jembamba la dhahabu juu na jingine chini, yote yakaunganishwa kwa moto na kupitishwa kwenye roli hadi yakawa bati moja. Huko Birmingham, Uingereza, kiwanda cha Dennison nacho kilitengeneza makasha ya aina hii, kikiyapiga mhuri wa mwezi, nyota au jua kuonyesha daraja lake.

Watengenezaji wengi waligonga ndani ya kifuniko miaka ambayo dhahabu ingedumu: 10, 20, 25. Marekani ilikuja kuipiga marufuku desturi hiyo katika miaka ya 1920, na mimi naona ilichelewa. Miaka haiwezi kulipimia kasha umri, kwa kuwa dhahabu haiishi kwa pamoja. Huisha pale inapoguswa.

Hapo ndipo napenda kumtazama fundi. Haanzi na mashine. Anabana lenzi jichoni, analigeuza kasha taratibu kwenye mwanga, na kwanza anaitazama pete ya juu, pale mnyororo unaponing'inia. Chuma kimesuguana na chuma pale kila hatua ambayo mwenye saa alipiga, tena kwenye sehemu ndogo isiyozidi punje ya mchele. Pete hii imeliwa upande mmoja tu. "Mnyororo ulikuwa ukivutwa huku siku zote," anasema. Kisha kitufe cha kutilia ufunguo: meno yake yamekuwa butu na yana rangi ya shaba, kwa sababu kila siku kidole gumba na cha shahada vimepita hapo. Kisha ukingo wa kifuniko, kile kidomo kidogo ambacho ukucha hukitafuta wakati wa kufungua. Na mwisho mgongo, ambao umelika katikati palipobenuka, wakati pembezoni bado manjano yake yamekolea.

Sehemu nyingine ya kisa imo kiwandani. Bati likikandamizwa kwenye kalibu ili liwe kasha, hutanuka kwenye mikunjo, na dhahabu iliyo juu yake hutanuka nayo, ikawa nyembamba palepale kwenye kona zitakazosuguliwa zaidi. Kwenye nakshi, matuta hutangulia kupotea huku mifereji ikibaki na dhahabu yake. Mfuko nao si mahali salama: vumbi la kiangazi la Majengo lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko dhahabu, na kitambaa chenye vumbi ni msasa laini. Shaba ikishafunuka, jasho hupata mlango. Chumvi yake huila shaba kutokea pembeni, kutu ya kijani huingia chini ya dhahabu, na kingo za dhahabu iliyobaki hubanduka. Ndiyo maana doa dogo lililokaa miaka bila kukua huweza ghafla kuwa kubwa.

Mtu aliyezoea jembe anajua mpini hulainika pale mikono ilipokaa. Fundi analisoma kasha kwa elimu hiyohiyo, na elimu hiyo haiuzwi dukani.

Kinachomuudhi ni dawa ya meno. Watu huisugulia saa ili ing'ae, wengine hutumia majivu, na wote wanachukua dhahabu kutoka pale ilipobaki kidogo. Mteja wetu alikuwa amekwisha kufanya hivyo, akauliza kama sonara hawezi kuichovya upya yote.

"Anaweza," fundi akamjibu. "Utang'aa nayo Krismasi kijijini. Pasaka shaba imerudi, tena palepale."

Hakuwa akimzuia sonara riziki. Tabaka la kuchovya ni jembamba mno kando ya lile bamba la zamani, na mkono unaolishika kasha haujabadili mazoea. Alichokubali kubadilisha ni pete, kwa sababu ilikuwa imebaki nyembamba kiasi cha kukatika na kuiangusha saa barabarani. Kasha akalifuta kwa kitambaa kikavu, akaliacha lilivyo, akadai hela ya pete tu.