Mlio wa Mchi

Mama alionja mara ya pili, akaweka kijiko chini, akapangusa midomo taratibu kama mtu anayetafuta neno lisiloumiza. Kisha akaniinamia. "Mwanangu," akasema, "leo hawajatwanga."

Tulikuwa sita mezani, katika mkahawa wa Kithai ulio kona ya mtaa wetu, East Hollywood, Los Angeles, katika sehemu ambayo halmashauri ya jiji iliipa rasmi jina la Thai Town mwaka 1999. Meza ile ya dirishani tumeizoea kuliko nyumba za baadhi ya jamaa zetu. Hapo ndipo wanangu walipojifunza kula wali kwa kijiko, uma ukiwa wa kusukumia tu, kama wafanyavyo Wathai wenyewe. Na hapo ndipo Mama, kila anapokuja kututembelea kutoka Tanga, huona watu wa huku wakila kwa namna anayoitambua: mabakuli yote katikati, na kila mkono unafika kila mahali.

Nilijua anachosema. Ukimya ule niliusikia tangu tulipoketi.

Kwa miaka mingi, nyuma ya pazia la jikoni, alikaa bibi mmoja juu ya kigoda, kinu cha jiwe mbele yake juu ya taulo lililokunjwa. Si kinu kirefu cha mti kama chetu, cha kusimamia. Kilikuwa kifupi, kizito, cha aina inayochongwa Ang Sila, mji wa pwani katika mkoa wa Chonburi, ambao hata jina lake maana yake ni beseni la jiwe. Mkono mmoja ulishika mchi, wa pili ulifunika nusu ya mdomo wa kinu ili pilipili isimrukie machoni.

Alikuwa na mpango wake, na hakuuvunja hata mkahawa ulipojaa. Kwanza mbegu za giligilani, binzari nyembamba na pilipili manga nyeupe, zote zimekaangwa kavu. Zikishakuwa vumbi, alizitenga. Halafu pilipili mbichi na chumvi ya mawe, kwa kuwa punje za chumvi husaidia kuparuza. Halafu mchaichai, ganda la ndimu, na mizizi ya giligilani, ile ambayo sisi huikata na kuitupa. Vitunguu na thomu vilingoja, maana vina maji. Mwisho kabisa uduvi uliochachishwa. Nasi mezani tulifuata hatua zote kwa masikio. Mlio ulianza mkavu kama kokoto, ukawa mzito, ukamalizikia katika kishindo laini, kama mguu unaokanyaga tope la mikokoni. Mwanangu mdogo aliuiga kwa ngumi juu ya meza, naye bibi, kule ndani, alimjibu kwa mchi. Inasimuliwa kwamba zamani mama wa Kithai aliyemtafutia mwanawe mke alipita karibu na majiko akisikiliza jinsi mabinti wanavyotwanga. Nilipomweleza Mama, alisema hilo halihitaji kuelezwa.

Hawakuwa na lugha moja, yeye na yule bibi, lakini walikuwa na nazi. Siku moja kijana wa mkahawa alitufasiria kwamba kile kifaa cha kukunia nazi tunachokiita mbuzi, kwao huitwa sungura. Mama alicheka mpaka akatokwa na machozi, akainama pale pale mlangoni mwa jikoni kuonyesha jinsi mtu anavyokaa juu ya mbuzi wake. Ndipo alipoona jambo lililomshangaza. Sisi tumelelewa kukoroga tui lisikatike. Yule bibi alilikata makusudi: alichemsha tui zito mpaka mafuta yakajitenga, akatia humo viungo alivyotwanga, vikakaangika hadi harufu ikafika barabarani. "Kumbe kosa letu ndio ufundi wao," Mama akasema. Alirudia maneno hayo kwenye simu kwa dada zake wote.

Pilipili ni mgeni kwao kama ilivyo mgeni kwetu, ililetwa kutoka Amerika katika safari za Wareno za karne ya 16. Ilikuta vinu vinaingoja.

Siku ile ya ukimya, kijana hakutuficha. Vifundo vya mikono vya bibi vimechoka, amepumzika kwa binti yake, na viungo sasa huja tayari, ndani ya ndoo ya plastiki. Sina la kumlaumu bibi. Lakini mashine hukatakata nyuzi za mchaichai zikabaki nyuzi, ila fupi, ilhali mchi huziponda mpaka ziachie mafuta yake. Mashine pia hudai maji ili izunguke, na kilicho na maji hakikaangiki, hutokota tu. Kinachonichoma ni kwamba ukumbi ulikuwa umejaa, watu wanapiga picha sahani zao, na hakuna aliyeuliza. Hata sisi, isingekuwa Mama, tungelipa na kuondoka. Nyumbani kwangu tui hutoka koponi na thomu hutoka chupani. Kinu cha bibi yangu kule Tanga, kuku hutagia ndani yake.

Tulipomaliza, Mama aliomba kupitia jikoni awaage. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, umezuiwa usijifunge na kile kinu. Aliinama kwa shida, mkono mmoja begani mwangu, akatia kiganja ndani, akakizungusha chini kabisa, pale palipolika na kuwa laini kama sabuni. Akanusa vidole vyake, akafumba macho. Kisha akamnyooshea mjukuu wake naye anuse.

Mtoto akanusa, akanusa tena. Akasema hasikii harufu yoyote.