Kinga ya Shujaa na Mizani ya Masimulizi: Liyongo, Mwindo na Mchezo wa Dadu

Mtunzi anayemjalia shujaa wake mwili usiopenya silaha hujitwika deni. Kadiri kinga ya mhusika inavyopanda, ndivyo hofu ya msikilizaji inavyoshuka, na utendi usio na hofu hubaki kuwa orodha ya ushindi tu. Wahakiki wa habari za Fumo Liyongo wameshughulika sana na swali la kuwapo kwake katika historia, zama zake, na mashairi anayohusishwa nayo. Makala hii inakusudia kuchunguza jambo jingine, yaani namna kinga ya shujaa inavyosawazishwa ili masimulizi yasimame.

Swali hilo limekabiliwa waziwazi mahali ambapo wahakiki wetu hawajazoea kupatazama, nako ni katika michezo ya kuigiza wahusika mezani. Mashuhuri miongoni mwa hiyo ni Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja, naye msimamizi husimulia yanayotukia na kuwaendesha maadui. Kwa kanuni za toleo la mwaka 2000, mhusika huwa na tarakimu ya kinga itokanayo na deraya, ngao na wepesi wake. Adui hurusha dadu lenye pande 20, kisha huongeza nguvu zake; jumla ikifikia tarakimu ile, pigo limempata. Tuchukulie kwamba kinga ni 28 na nyongeza ya adui ni 6. Adui atahitaji 22, nambari ambayo haimo katika dadu. Hata hivyo, kanuni zimeacha mwanya: dadu likionyesha 20, pigo hupata, kinga iwe kubwa namna gani.

Msimamizi aliye na mhusika wa namna hiyo ana njia tatu. Ya kwanza ni kuwaongezea maadui nguvu. Lakini hapo wenzake shujaa wenye ngao nyepesi huangamia kwa pigo la kwanza, na juhudi ya mchezaji aliyejijengea kinga huwa kazi bure. Ya pili ni kuutegemea ule mwanya mdogo. Ya tatu ni kuhamisha jaribio lenyewe hadi pale ambapo deraya haifiki: sumu, njaa, kifungo, ahadi, au mtu mwingine anayehitaji kuokolewa. Kwa maoni yetu, njia ya tatu ndiyo pekee inayomheshimu shujaa na msikilizaji kwa pamoja.

Tukiirejea sasa habari ya Liyongo, kama ilivyotungwa na Muhamadi Kijuma mwaka 1913, tutaona kwamba wengi huikumbuka sindano ya shaba na kitovu. Huo ni mwanya, sawa na ile nafasi moja kati ya 20. Lakini sindano peke yake haielezi kitu. Kabla yake, sultani wa Pate amekwisha kujaribu hila kadhaa. Katika kikoa cha kupanda mikoma, wapiga mishale wanamngojea Liyongo apande zamu yake. Naye anaziangua koma kwa mshale akiwa chini. Anapofungwa gerezani, mwili usiochomeka unadhihirika kuwa unaweza kufungika. Wokovu wake hautoki katika nguvu zake, bali kwa mama yake na kijakazi Saada, wanaompelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, na katika kelele za gungu zinazofunika sauti ya chuma kinachokatwa. Hapa mtunzi ametumia njia ya tatu kwa ustadi: shujaa mkubwa anahitaji mkate ambao walinzi wanaudharau.

Vivyo hivyo kwa kifo chake. Hakuna askari anayeigundua siri ya sindano. Mwana wa Liyongo, aliyeahidiwa kuozwa binti wa sultani, anamwuliza baba yake, na baba anajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Kinga haikuvunjwa, ilifunguliwa kutoka ndani. Sindano ni chombo tu, ilhali silaha ni udhaifu wa baba mbele ya mwanawe. Ndiyo maana utendi hauishii kwenye pigo. Liyongo anapiga goti kisimani, upinde mkononi, na mji mzima unaogopa kuteka maji mbele ya maiti. Kinga yake inakuwa adhabu kwa watu walioitamani iondoke. Na mwana aliyeifungua hakupata bibi arusi aliyeahidiwa.

Huku mashariki mwa Kongo tunao mfano wa pili, utendi wa Mwindo wa Wanyanga, ulioandikwa na Daniel Biebuyck kutoka kwa msimulizi Shekarisi Rureke mwaka 1956, na kuchapishwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Shemwindo, asiyetaka mwana wa kiume, anamrushia mtoto mikuki, anamzika, anamtosa mtoni ndani ya ngoma; yote hayafui dafu. Mwindo hana kitovu cha kuchomwa. Anasawazishwa kwa namna nyingine: baada ya kumwua joka Kirimu, Nkuba, ambaye ndiye radi, anampandisha mbinguni. Huko hakuna mkuki unaorushwa. Kuna baridi, mvua na jua kali, na aliyezoea kujisifu anarudi duniani akiwa na miiko kuhusu wanyama asiopaswa kuwaua. Liyongo anasawazishwa kwa kufa; Mwindo kwa kufunzwa.

Kwetu sisi tunaofundisha fasihi Iga Barrière, katika eneo la Djugu, jambo hili halikomei kwenye nadharia. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale aligawa maji huko Ngarambe ili risasi za Wajerumani zisiwadhuru watu. Mwaka 1964 Wasimba waliingia vitani wakiwa wamechanjwa na kunyunyiziwa dawa. Jina la Mai-Mai lingali na maji hayo. Ituri nayo ilipitia vita vya 1999 hadi 2003 na mapigano yaliyofuata, na kijana anayesoma habari za Liyongo amekwisha kusikia kwingine kwamba kuna mwili usioingiwa na risasi.

Dawa hizo huja na miiko, na kwa juu juu mwiko unafanana na kitovu cha Liyongo. Tofauti yake ni kubwa. Katika utendi, mwanya unatajwa kabla ya kifo, na msikilizaji anautazama ukikaribia. Katika dawa ya vita, mpiganaji hufa kwanza, kisha husemwa kwamba alivunja mwiko. Mwanya wa kwanza huifanya kinga ipimike. Wa pili huikinga dawa yenyewe isipimwe kamwe, na marehemu hubebeshwa lawama ya kifo chake.

Tunapendekeza, basi, kwamba mwalimu asiridhike na swali la mtihani lililozoeleka, «Liyongo aliuawa kwa nini?», ambalo jibu lake ni sindano. Aulize pia nani aliijua siri, aliijua lini, na nani alilipa gharama yake. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hayo mbele ya utendi ataweza kuyauliza mbele ya mtu anayemnyunyizia maji na kumwambia asonge mbele.