Tabia za Kifizikia za Ukuta wa Kani katika Dungeons & Dragons: Uhakiki wa Matini ya Kanuni

Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, huendeshwa kwa masimulizi. Msimamizi hueleza hali, wachezaji husema wahusika wao wanatenda nini, na kanuni pamoja na dadu huamua matokeo. Kwa kuwa ulimwengu unaosimuliwa hauonekani kwa macho, maneno ya kitabu cha kanuni ndiyo msingi ambao wote waliopo mezani wanaweza kuurejelea. Uhakiki huu unachunguza maelezo ya Ukuta wa Kani, uchawi wa daraja la 5, katika mwongozo wa mchezaji wa toleo la tano uliotolewa mwaka 2014. Hoja ya msingi ni kwamba udhaifu wa matini hiyo hautokani na kukiuka fizikia. Unatokana na kuazima msamiati wa fizikia bila kubainisha mpaka wa mwazimo huo.

Kwa mujibu wa matini, ukuta hauonekani, una unene wa robo inchi, na unaweza kuelea hewani au kuegemea kitu kigumu. Mchawi anaweza kuufanya bapa, kuba au tufe lenye nusukipenyo kisichozidi futi 10. Hudumu hadi dakika 10 mradi akili yake isitawanyike. Hakuna kinachoweza kuupenya kimwili, haudhuriwi na pigo lolote, na uchawi wa kawaida wa kutangua hauufuti. Uchawi wa kusambaratisha huuangamiza mara moja.

Jina lenyewe linahitaji kuhakikiwa. Katika fizikia, kani ni msukumo au mvuto wenye ukubwa na mwelekeo. Si maada, na haiwezi kuwa na unene. Lugha ya kila siku ina maana nyingine: mtu aliyeshika kani ni yule asiyekubali kusogea. Ukuta huu uko karibu zaidi na maana hii ya pili. Kipimo cha robo inchi, hata hivyo, humwalika msomaji aufikirie kama kioo, na maswali ya kioo hufuata papo hapo.

Swali la kwanza ni la hewa. Ikiwa hakuna kinachopenya, aliyefungiwa ndani ya tufe atakosa pumzi? Hesabu inaondoa shaka. Tufe la nusukipenyo cha futi 10 lina ujazo wa takribani mita za ujazo 119, ilhali mtu aliyetulia huvuta lita chache tu za hewa kwa dakika. Dakika 10 hazitoshi kumdhuru. Hapa ukimya wa matini hauna madhara, kwa sababu ukomo wa muda umekwisha kulijibu swali.

Swali la pili, la mwendo, ni gumu zaidi. Toleo la 3.5 la mwaka 2003 lilitamka wazi kwamba ukuta hausogei. Toleo la 2014 halisemi. Lakini hata tamko la 2003 halikutosha. Galileo alionyesha mwaka 1632, kwa mfano wa chumba ndani ya merikebu, kwamba mwendo laini wa chombo hautambuliki na walio ndani. Kwa hiyo, kutosogea ni lazima kuwe kwa kulinganishwa na kitu fulani. Ukuta ukiumbwa juu ya sitaha ya jahazi linalokwenda, je, utasafiri na jahazi au utalipasua? Katika vitabu vya toleo la tano, fimbo isiyosogezeka imewekewa kikomo cha uzito wa ratili 8,000, yaani takribani kilo 3,630. Ukuta haukuwekewa kikomo chochote. Hivyo jibu la pili linaufanya kuwa silaha ya kuzamisha merikebu yoyote.

Swali la tatu ndilo lenye uzito mkubwa mezani: je, uchawi mwingine hupita? Toleo la 2003 lilizuia uchawi na pumzi za majoka, likaruhusu madhara ya mtazamo wa macho. Matini ya 2014 imebakiza neno “kimwili” tu. Kwingineko kitabu hicho kinadai njia iliyo wazi hadi kwa mlengwa, lakini kinaeleza kinga kamili kuwa ni kufichwa kabisa na kizuizi. Ukuta usioonekana hauwezi kumficha mtu. Mchezaji anayeutumia kuwakinga wenzake majeruhi anaweza kugundua, baada ya uamuzi wake kupita, kwamba msimamizi aliisoma sentensi nyingine. Mhusika aliyelelewa kwa miezi mingi anaweza kufa kwa tofauti hiyo ya usomaji.

Inaweza kutetewa kwamba uamuzi wa msimamizi ndio roho ya mchezo, na kwamba ufupi wa toleo jipya humwachia nafasi. Utetezi huo unakubalika kwa jahazi, ambalo ni tukio la nadra. Haukubaliki kwa swali la uchawi kupita, ambalo huzuka karibu kila ukuta unapoumbwa vitani. Ukuta wa Kani haukuhitaji nadharia ya kani. Ulihitaji orodha ya vinavyozuiwa na vinavyopita. Matini ya 2003 ilikuwa nayo kwa sehemu kubwa, na kuiondoa kulipunguza maneno na kuongeza mabishano.