Young Alilipa Kabla ya Kazi

Mimi na yale maporomoko ya riwaya ya The Shack hatujapatana tangu ilipotoka mwaka 2007, na filamu yake ya 2017 ilinitonesha kidonda tu. Stuart Hazeldine nimemsamehe, maana aliongoza alichokikuta kitabuni. Kosa ni la mtunzi, William Paul Young.

Turudi pangoni, kabla maji hayajaonekana. Sophia, ambaye ni Hekima ya Mungu, amemkalisha Mack, baba ambaye binti yake Missy ameuawa, kwenye kiti cha hakimu: katika watoto wake watano, achague wawili waende mbinguni na watatu jehanamu. Mack anagoma, anafoka, anatapatapa, na mwisho anaomba achukuliwe yeye badala yao. Kilele ndicho hicho! Baba aliyekuwa akimshitaki Mungu kwa kifo cha Missy amejikuta amesimama mahali pa Kristo, tena kwa mdomo wake mwenyewe. Mtunzi jasiri angefunga sura hapo akamwacha msomaji ahangaike.

Young hakuthubutu. Mara ukuta unafunguka, maji yanaporomoka, na ng'ambo yake ni Missy, mzima, mwenye furaha, Yesu akiwa naye. Kumbi za sinema zililia, sawa. Lakini tazameni mpangilio wa matukio. Mack hajamsamehe muuaji. Hajaonyeshwa mwili wa mwanawe, wala hajaubeba. Kazi ngumu zote za riwaya bado ziko mbele, na fundi keshalipwa chake. Ndiyo maana Papa, yaani Mungu Baba, anapomtaka atamke msamaha, taharuki imepwaya: anayesamehe ameshajionea kwa macho kwamba mtoto hakupotea. Imani ya nini tena kwa mtu aliyeona?

Wanaonisoma siku zote wanaujua ugomvi wangu na riwaya za Kikristo: haziwezi kuvumilia kimya cha Mungu hata kurasa kumi. Msiba haujaanuliwa, ndoto imeshaingia, na malaika yuko mlangoni. Ayubu alijibiwa kutoka katika upepo wa kisulisuli, lakini watoto wake waliokufa hakuonyeshwa, na habari yake inasomwa hadi leo.

Alan Paton alilijua hilo mwaka 1948. Katika Cry, the Beloved Country, mchungaji Stephen Kumalo anapanda mlimani usiku wa kuamkia siku ambayo mwanawe, Absalom, atanyongwa Pretoria. Amebeba mikate ya mahindi na chupa ya chai aliyofungiwa na mkewe. Anakesha, anaungama, anasinzia, anaamka kabla ya alfajiri, anavua kofia na kusubiri. Jua linachomoza. Hakuna pazia linalofunuliwa, hakuna mtoto anayecheka ng'ambo ya maji, wala Paton hamwongezei mzee huyo neno la kumbembeleza. Unafunga kitabu ukiamini kwamba Kumalo anamwamini Mungu.

Kumweka Papa jikoni, bustani ya Sarayu (Roho Mtakatifu), jeneza lililotengenezwa na Yesu: hayo Young aliyafanya vizuri, sina neno.

Kama ilikuwa lazima Missy aonekane, basi angeonekana baada ya kuzikwa bustanini, msamaha ukiwa umeshatoka na umeuma. Nanyi wenye miswada ya aina hii mezani, chukueni kalamu nyekundu: mhusika wenu akishasema "nichukue mimi", fungeni sura.