Pawa Saplai ya Tunduma Huchaguliwa Kuanzia Ukutani

Anayejenga kompyuta ya gemu huuliza kwanza wati. Mia tano zinatosha? Mia saba je? Ni swali la haki, lakini kwa mtu wa Tunduma, Vwawa au Mlowo linapaswa kuja la mwisho. La kwanza ni hili: umeme unaofika kwenye soketi yako ukoje saa mbili usiku, kila nyumba ya mtaa ikiwa imewasha? La pili: pawa saplai hiyo inatoa ampea ngapi kwenye waya wa volti 12? Ukishajibu hayo mawili, wati zinajipanga zenyewe. Ukianza na wati, unaweza kurudi nyumbani na boksi lenye namba kubwa linalozima kila fundi wa kuchomelea jirani anapoanza kazi.

Tuchukue mashine moja tuifuate. Wengi mikoani hujenga kwa vifaa vilivyokwisha kutumika, kwa hiyo tuseme prosesa ni Intel Core i7-4790K ya mwaka 2014, na kadi ya picha ni Radeon RX 580 ya mwaka 2017. Kiwandani prosesa hiyo imeandikiwa wati 88, nayo kadi wati 185. Namba hizo ni za mashine inayokwenda kwa kasi yake ya kawaida. Ukiiovakloki, yaani ukiisukuma kupita kasi ya kiwandani, mambo hubadilika kwa namna ambayo wengi hawaitegemei.

Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Prosesa yetu ikifanya kazi kwa viini vyote hukaa kwenye gigahezi 4.2, tuseme inalishwa volti 1.15. Unataka ifike 4.7, na ili isikwame unaipandisha hadi volti 1.30. Kasi imeongezeka kwa asilimia 12 tu. Volti nayo imeongezeka kwa asilimia 13, lakini kipeo chake cha pili kinaleta asilimia 28. Zidisha pamoja: matumizi yamekua kwa asilimia 43. Zile wati 88 zimekuwa kama 126. Kadi ya picha ikiongezewa kikomo cha nguvu kwa asilimia 20 inafika wati 222. Weka 50 za ubao mama, memori, diski na feni, na mashine nzima inakula karibu wati 400 gemu likiwa limepamba moto.

Pawa saplai ya wati 500 inaonekana kutosha. Geuza boksi usome jedwali la pembeni kabla hujalipa. Katika hizo wati 400, zaidi ya 350 zinapita kwenye waya wa volti 12, kwa kuwa ndio unaolisha prosesa na kadi. Gawa kwa 12 upate kama ampea 30. Boksi zuri la wati 550 litakuandikia ampea 40 au zaidi. Boksi baya lililoandikwa 500 kwa herufi kubwa linaweza kuwa na ampea 18 tu kwenye volti 12, ambazo ni wati 216; zilizobaki zimehesabiwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo inachota kidogo sana. Jedwali hilo ndilo linalosema ukweli wa boksi. Na kwa kuwa kadi ya picha huruka juu ya wastani wake kwa milisekunde chache mara kwa mara, mashine yetu ya wati 400 naipa boksi la 600 au 650. Kwenye kadi kubwa miruko hiyo ni mikali kiasi kwamba kanuni za ATX 3.0, zilizotoka mwaka 2022, ziliitaka pawa saplai ivumilie mara mbili ya uwezo wake ulioandikwa kwa muda mfupi mno, mikrosekunde 100.

Sasa twende ukutani, ambako ndiko kuna kazi.

Tanzania inatumia volti 230 na hezi 50, sawa na Zambia, hivyo aliyenunua Nakonde, upande wa Zambia, na aliyenunua Kariakoo wako kwenye hali moja. Tunduma iko takriban kilomita 100 kutoka jiji la Mbeya. Mradi wa TAZA, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2018, ni wa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, na tawi la kuvuka kwenda Zambia. Ni mradi wa maana kubwa kwa mkoa wa Songwe. Hata hivyo laini kubwa hairekebishi waya mwembamba unaotoka kwenye transfoma ya mtaa kuja nyumbani kwako. Nyumba ya mwisho kwenye waya huo, ikiwa nyuma ya mashine ya kusaga na karakana mbili za kuchomelea, itaendelea kupata umeme mdogo hata kama Tunduma nzima imelishwa vizuri.

Pawa saplai ya kompyuta haifanyi kama balbu ya zamani, ambayo umeme ukishuka nayo hupunguza mwanga. Kompyuta inadai wati zilezile. Volti zikipungua, pawa saplai hufidia kwa kuvuta ampea zaidi. Mashine yetu ya wati 400, kwa boksi lenye ufanisi wa asilimia 88, inavuta wati 455 ukutani. Kwenye volti 230 hiyo ni ampea 2. Soketi ikishuka hadi 160, inakuwa 2.8. Joto kwenye sehemu ya kuingizia umeme hufuata kipeo cha pili cha ampea, kwa hiyo limezidi maradufu, na wewe kwenye kioo huoni dalili yoyote.

Ndiyo maana mstari wa kwanza ninaousoma kwenye boksi ni ule wa umeme unaoingia. Ukisema 100 hadi 240, boksi hilo lina sakiti inayopandisha umeme wowote ulio katikati hapo mpaka karibu volti 390 za ndani kabla ya kuugawa. Mara nyingi pembeni pameandikwa Active PFC. Kwenye volti 160 linafanya kazi, likiwa na joto zaidi. Ukisema 200 hadi 240, boksi limetengenezwa kwa nchi ambazo umeme wake hautetereki. Mara nyingi ndani yake hakuna sakiti ya kupandisha: soketi ikitoa 230 lina volti 325 za ndani, ikitoa 160 zimebaki 226, na akiba ya nishati iliyomo kwenye kapasita imebaki chini ya nusu. Kati ya boksi la wati 750 la 200 hadi 240 na la wati 550 la 100 hadi 240, kwa Tunduma nachukua la 550 bila kusitasita.

Liko na la aina ya tatu, lenye swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230 mgongoni. Usiiguse kamwe. Kuna kishawishi cha kuishusha umeme unapokuwa mdogo, na kwa muda kompyuta inaweza hata kuwaka. Lakini kwenye 115 sakiti huongeza volti mara mbili, na kapasita zake mbili zimeundwa kuvumilia takriban volti 200 kila moja. Umeme ukirudi 230, kila kapasita inapokea zaidi ya 320. Hupasuka kwa kishindo, na mara nyingi haziendi peke yake.

Kapasita kubwa ya ndani inastahili neno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama kompyuta itazima umeme unapokonyeza. Mzunguko mmoja wa hezi 50 ni milisekunde 20. Chukua kapasita ya mikrofaradi 470 iliyojazwa volti 390, na tuseme pawa saplai inakubali ishuke hadi 310 kabla ya kukata. Inaibeba mashine yetu kwa milisekunde 30 hivi. Ya mikrofaradi 220 inaibeba kwa 14. Ikizeeka na kupoteza asilimia 20 ya uwezo, inabaki na 11. UPS nyingi za bei ya kawaida huchukua kati ya milisekunde 4 na 10 kuhamia kwenye betri. Hapo akiba ni finyu mno, na utaelewa kwa nini mtu mwenye UPS nzima bado huona kompyuta ikijizima gemu likiwa zito, kisha akailaumu UPS. Wapimaji makini hufungua boksi na kutaja ukubwa wa kapasita hii. Tafuta taarifa hiyo kabla ya kutafuta rangi za taa.

Alama ya 80 PLUS nayo isikupoteze. Inapima hasa ufanisi, yaani umeme kiasi gani unapotea kama joto, na kipimo chake cha asili kilifanyika kwenye volti 115 za Marekani. Haisemi lolote kuhusu kinga ya shoti wala usafi wa volti. Na kwenye LUKU tofauti ni ndogo: kwa mashine yetu, kutoka asilimia 85 hadi 90 ni wati 26, ambazo kwa saa nne kila siku zinafika uniti 3 na kidogo kwa mwezi. Boksi la Gold huwa zuri zaidi kwa sababu nyingine: mtengenezaji aliyetafuta ufanisi huo kwa kawaida ameweka vipuri bora pia. Hali ya hewa ya nyanda za juu inakusaidia pia. Hewa kwenye mwinuko wa mita 1,600 ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo feni inapoza kwa shida kidogo, lakini ubaridi wa Songwe unalipa deni hilo. Vumbi la kiangazi ndilo adui mkubwa zaidi.

Wengi hutanguliza stabilaiza. Kwa boksi la 100 hadi 240 sioni faida yake: relei zake zikibadilisha ngazi hukatisha umeme kidogo kila mara, na unaongeza kukonyeza kule kule ulikokuwa unakukimbia. Gadi ya friji nayo hukata umeme ukishuka, wakati pawa saplai yako ingeendelea bila tatizo. Lakini gadi ina kazi moja ambayo hakuna boksi la kompyuta linaloiweza. Waya wa nyutro ukikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba inaweza kupokea volti zinazokaribia 400, na kilele chake ndani kinapita 560. Kapasita za volti 400 au 450 haziponi hapo. Kwa hiyo tafuta kifaa cha kinga ambacho unaweza kukipangia vikomo mwenyewe: kikate juu ya 270 hivi, na chini kiachie mpaka 150.

Kwenye UPS soma wati, achana na VA. Ya VA 650 kwa kawaida haifiki wati 400, na sisi tunavuta 455 kabla ya kioo. Tunahitaji yenye wati 600 au zaidi. Betri inapoingia, UPS za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na baadhi ya pawa saplai zenye Active PFC huyakataa na kuzima. Ijaribu na mashine yako ikiwa na mzigo kamili kabla hujaondoka dukani, au lipia yenye mawimbi laini.

Halafu kuna ethi. Ukigusa kasha la kompyuta ukahisi umeme unakutekenya vidole, mara nyingi pawa saplai haijaharibika. Vikapasita vya kuchuja kelele vimeunganishwa kati ya nyaya mbili na kasha, na kasha lisipokuwa na ethi hukaa kwenye nusu ya volti za ukutani, karibu 115. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, ila dalili ni nzito: siku kukiwa na shoti ya kweli hakuna waya wa kuupeleka umeme ardhini isipokuwa mwili wako, na kinga ya radi iliyomo kwenye ekstensheni inafanya nusu ya kazi. Mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi nyingi mkoani. Fundi mwenye leseni ya EWURA, fimbo ya ethi na waya wake viingie kwenye bajeti ya kompyuta kabla ya kadi ya picha. Na radi ikikaribia, chomoa plagi, pamoja na waya wa intaneti.

Vifaa vikishafungwa, pima. Washa Prime95 na FurMark, programu za kuipa mashine mzigo mkubwa, kwa pamoja, weka mita kwenye plagi ya ziada ya volti 12. Kanuni za ATX za kabla ya 3.0 ziliruhusu kati ya 11.4 na 12.6, mimi nataka isishuke chini ya 11.8. Fanya jaribio hilo usiku, saa ambayo umeme wa mtaa ni mdogo kabisa. Mashine ikizima ghafla kama iliyochomolewa, shuku pawa saplai au umeme wa ukutani. Ikiganda au kuleta skrini ya bluu, shuku prosesa iliyosukumwa kupita uwezo wake. Kununua boksi kubwa zaidi hakutaiponya.

Ikitokea hivyo, rudi kwenye hesabu ya volti. Gigahezi 4.5 kwa volti 1.20 zinahitaji kama wati 103 badala ya 126. Umepoteza asilimia 4 ya kasi, na umepunguza wati 23 na ampea 2 kwenye waya wa volti 12. Kwa nyumba iliyo mwisho wa laini kule Mpemba au Sogea, mjini Tunduma, hapo ndipo ningeiacha mashine hii.