Gesi ya Kivu: kazi kubwa iko kwenye maji yanayorudi

Gesi ya Ziwa Kivu ikitajwa leo, watu huwaza umeme. Lakini matumizi yake yalianzia kwenye bia. Mwaka 1963 Wabelgiji wa Union Chimique Belge walijenga mtambo mdogo wa majaribio kwenye Rasi ya Rubona, Gisenyi, na methani iliyopatikana ikapelekwa jirani kuwasha maboila ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Iliyawasha kwa takriban miaka 40.

Kuipata gesi hiyo hakuna kuchimba. Bomba hushushwa wima zaidi ya mita 300, kwenye maji mazito yenye chumvi ambayo hayachanganyiki na ya juu. Kule chini shinikizo ni zaidi ya mara 30 ya lile la hewa tunayovuta, na ndilo linaloifanya gesi itulie ikiwa imeyeyuka. Pampu huanzisha safari tu. Maji yakipanda shinikizo hupungua, mapovu hutoka kama kwenye chupa ya bia ya Primus iliyofunguliwa, mchanganyiko wa bombani huwa mwepesi, na maji ya ziwa huusukuma juu. Pampu huzimwa, bomba linaendelea kutema.

Shida ni kwamba kwenye maji hayo hewa ukaa, ile ile ya mazuku, yaani mabonde ya gesi yanayoua mifugo na watu upande wa Goma, huizidi methani takriban mara tano kwa ujazo. Ukiacha vyote vitoke, gesi yako haiwaki vizuri. Ufumbuzi wake unanivutia mno: maji huyeyusha hewa ukaa zaidi ya mara 20 kuliko methani. Kwa hiyo gesi hutenganishwa ikiwa bado chini ya uso wa ziwa, penye shinikizo kiasi, ili hewa ukaa nyingi ibaki majini. Inayoponyoka huoshwa kwa maji ya juu ya ziwa, nayo huondoa pia salfidi ya hidrojeni.  Uchaguzi wote huo unafanywa na maji matupu. Lakini una gharama. Ukiongeza shinikizo unapata gesi safi zaidi, na methani nyingi zaidi inaondoka na maji.

Maji hayo yarudishwe wapi? Yakimwagwa juu mno, yanapeleka virutubisho na sumu kwa samaki wadogo wa sambaza. Yakishushwa mno, yanaipunguza nguvu akiba ya gesi. KivuWatt ya Karongi, yenye megawati 26, huchota kwenye mita 350 hivi na kurudisha kwenye 240 hivi. Wasiwasi si wa bure: Ziwa Nyos la Kameruni lilitema gesi yake ghafla na kuua watu wapatao 1,700 mwaka 1986, na Kivu ina gesi nyingi kuliko Nyos kwa mbali sana, huku watu wapatao milioni mbili wakiishi kandokando yake. Kwa hiyo mtambo wowote mpya hapa Rubavu, kabla sijauliza megawati zake, nataka vipimo vya joto na chumvi, mita kwa mita, kuanzia mdomo wa bomba la kurudishia hadi sakafu ya ziwa.