Michezo ya Simu na Huruma kwa Mwenzako

Watu wazima wengi husema kuwa michezo ya simu na kompyuta huikausha mioyo ya vijana. Mtu apitaye jioni katika mji wa Migori, au Rongo, au Oyugis, akaona vijana wamesongamana mbele ya kioo wakicheza kandanda ya mitambo na kumzomea aliyefungwa, huweza kuliamini shtaka hilo mara moja. Lakini wewe, msomaji, uliyefundishwa kuipima tamthilia kabla ya kuisifu au kuilaumu, huna budi kuufanyia mchezo haki iyo hiyo. Iko michezo iliyotungwa makusudi ili mchezaji ajitie katika nafsi ya mwingine. Je, hufaulu?

Tazama kwanza mchezo uitwao Salaam, kazi ya Lual Mayen. Mtungaji huyu alizaliwa njiani, wazazi wake walipokuwa wakikimbia vita vya kusini mwa Sudani, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu apate kumnunulia kompyuta. Katika mchezo huo mchezaji ni mkimbizi: hukimbia, huona kiu, hutafuta chakula na dawa. Mayen alikusudia kwamba nguvu za mkimbizi huyo zikiisha, mchezaji atoe fedha za kweli, nazo ziwafae wakimbizi walio hai. Sehemu ya kukimbia naisifu bila kusita, maana imetungwa na mtu aijuaye safari ile. Sehemu ya malipo yanitia shaka. Atoaye senti zake aweza kuuzima mchezo akijiona amekwisha maliza wajibu.

Mchezo wa pili, Tumaini, uko karibu nasi zaidi. Ulijaribiwa Kisumu mwaka 2017 kwa watoto 60 wa miaka 11 hadi 14. Nusu yao walipewa simu zenye mchezo huo kwa siku 16. Mchezaji huwaamulia wahusika vijana njia ya kufuata, kisha huyaona matokeo. Nia yake ni kuwakinga vijana na virusi vya UKIMWI, na wale walioucheza waliwazidi wenzao kwa maarifa na kwa kujiamini. Uzuri wake ni kwamba hauhubiri: humwacha mhusika akosee, na kosa lizae. Hata hivyo, kujua namna ya kujikinga si sawa na kumwonea huruma aliyekwisha kupatwa.

Na hapo ndipo penye uzito kwetu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika Homa Bay karibu watu wazima 20 katika kila 100 waliishi na virusi hivyo, na katika Migori watu 13. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, na watoto waliozaliwa na virusi wamekua, wamefika sekondari. Katika bweni lenye vitanda 40, mmoja humeza kidonge chake chini ya blanketi asionekane. Huyo hahitaji wenzake wenye maarifa tu. Ahitaji wenzake ambao wakikiona kidonge hawatacheka.

Mwaka 2010 wataalamu Tobias Greitemeyer na Silvia Osswald walieleza kuwa watu waliotoka kucheza Lemmings, mchezo wa kuwaokoa viumbe wadogo, walikuwa wepesi kuokota penseli zilizomwagika kuliko waliocheza Tetris, ambao ni wa kupanga vipande tu. Nakubali. Ila penseli ni nyepesi, na aiokotaye hachekwi na mtu. Kuketi karibu na yule anayenong'onwa bweni zima ni mzigo mwingine.

Mzigo huo redio iliwahi kuugusa. Nchini Rwanda, mwaka 2004, ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, juu ya vijiji viwili vilivyofarakana. Elizabeth Levy Paluck aliwafuata wasikilizaji wake kwa mwaka mzima, akawalinganisha na watu waliosikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Imani zao za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikira zao juu ya lililo desturi njema kijijini, na namna walivyotendeana. Nao hawakusikiliza kila mtu peke yake: walikusanyika, wakacheka pamoja, wakabishana.

Wazee wa Kijaluo hawangestaajabu. Katika siwindhe, nyumba ya bibi, watoto walizisikia ngano wakiwa kundi, na aliyecheka mahali pa kulia aliziona mara moja nyuso za wenzake. Mchezaji wa simu, masikio yameziba, haoni uso wa mtu. Kwa hiyo ningependa kuuona mchezo kama Tumaini ukichezwa darasani (mabwenini simu zimekatazwa, najua) huko Mbita au Awendo, wanafunzi wanne kwa simu moja, asibonyeze mtu kitufe mpaka amewaeleza wenzake watatu kwa nini, nao wamemjibu.